Mcheza Kwao Hutunzwa: Historia ya Kujitolea Michezoni na Somo Lake kwa Kerege

Ndugu wana-Kerege, mlioko nyumbani, Dar es Salaam na kwingineko,

Katika kurasa za historia za kijitabu hiki cha harambee, safari hii tumechagua kuandika habari za watu ambao majina yao hayachongwi kwenye kikombe. Ni yule anayefika kiwanjani kabla ya wote kufyeka nyasi, anayefua na kutunza jezi nyumbani kwake, anayewavusha watoto barabara kuu jioni baada ya mazoezi, na anayeweka daftari la michango ya timu. Hao tunawaita watu wa kujitolea.

Sababu ya kuwachagua ni hii. Kamati yetu ya michezo imependekeza tuanzishe klabu ya kriketi ya watoto hapa Kerege. Wanachama walipoiona bajeti walishangaa, maana sehemu kubwa ya fedha haiendi kwenye vibao vya kupigia, wala mipira, wala jezi. Inakwenda kwenye nauli, chakula na mafunzo ya watu watakaojitolea kuiendesha. Swali likazuka mara moja: kama mtu amejitolea, kwa nini tumgharamie?

Swali hilo ni la haki, na anayeombwa mchango ana haki ya kupewa jibu. Sisi tumelitafuta katika historia ya pwani yetu na ya majirani zetu.

Kabla ya klabu kulikuwa na ngoma

Tusidhani kwamba kujitolea kuliletwa na wageni. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, ndiye anayejulikana kwa kitabu cha Desturi za Wasuahili kilichochapishwa mwaka 1903. Mna humo habari za arusi, mazishi, ngoma na michezo ya watoto wa mwambao huu. Anayekisoma huona jinsi shughuli za watu wetu zilivyosimama juu ya mikono ya jirani: mmoja anapika, mwingine anachota maji, mwingine anapokea wageni, na kila mmoja anajua zamu yake itafika.

Baadaye zikaja beni, ngoma za mashindano zilizoenea katika miji ya pwani, zikiwa na pande mbili mashuhuri, Marini na Arinoti. Waliozicheza hawakulipwa mshahara, lakini hawakuachwa hivi hivi. Kila mtu alikuwa na cheo chake na kazi yake. Mwanachama akiugua alitazamwa, na akifa alizikwa na wenzake. Mgeni wa beni akifika mji mwingine alipokewa na watu wa upande wake.

Vilabu vya kandanda vya mijini vilikuja kukua katika miji hiyohiyo ya ngoma. Young Africans ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikaanza klabu iliyokuja kuitwa Sunderland, ambayo tangu 1971 tunaijua kwa jina la Simba. Hazikuanza na wafadhili wala mikataba. Zilianza na wanachama walioweka senti zao pamoja. Wazee wetu waliijua kanuni moja kabla haijaandikwa popote: anayewatumikia wenzake bila malipo hudumu kama wenzake nao wanamtazama. Ndiyo maana ya methali tuliyoifanya kichwa cha makala haya.

Kerege ya mikorosho

Sasa tuje nyumbani. Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, Kerege ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochaguliwa kwa makazi ya majaribio ya mpango wa Serikali wa kuwakusanya wakulima katika vijiji vipya, na zao kubwa la hapa likiwa korosho. Mikorosho ni alama ya sura hiyo ya historia yetu.

Mpango ule nchini kwa jumla ulikuwa na nia njema, lakini gharama zake zilikuwa kubwa: mitambo, mameneja, majengo na chakula cha kuanzia. Katika makazi mengi, mambo yakipangwa na ofisi, watu walianza kujiona kama vibarua wa Serikali badala ya wenye mali. Mwaka 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba makazi mapya ya aina hiyo hayataendelea kuanzishwa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Ujamaa Vijijini, akisisitiza kwamba kijiji lazima kianze na uamuzi wa watu wenyewe.

Hili tunalitaja kwa sababu linawaunga mkono wale waliouliza swali. Ni kweli kwamba ukimpa mtu kila kitu huku humshirikishi katika uamuzi, unaua moyo wake. Klabu inayolipa kila anayeinua jembe itakosa watu siku fedha zitakapokwisha. Kwa hiyo hatupendekezi mishahara.

Walimu wa kisomo

Lakini kuna upande wa pili. Wengi wetu tuna baba, mama au bibi aliyejifunza kusoma katika madarasa ya kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na ikafuata kampeni kubwa ya kufuta ujinga. Walimu wa shule hawakutosha. Waliokuja kuziba pengo ni wanavijiji wenyewe, wakiwemo vijana waliomaliza darasa la saba, waliofundisha jioni chini ya miembe, kwenye ghala na kwenye ofisi za TANU.

Watu hao walijitolea, lakini nyuma yao palikuwa na mpango. Walipewa semina kabla ya kuanza. Walipewa vitabu. Walipewa posho ndogo, isiyoweza kuitwa mshahara, lakini iliyotosha kuonyesha kwamba mtu anaonekana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia njia hiyohiyo: vikundi vya kusikiliza redio, kila kimoja na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu cha kumwongoza. Watu wapatao milioni mbili walishiriki, na vyoo vikachimbwa nchi nzima.

Tukiyaweka makazi ya mikorosho na madarasa ya kisomo pamoja tunaanza kupata jibu. Msaada uliochukua nafasi ya watu ulishindwa. Msaada uliowasaidia watu kufanya kazi waliyoikubali wenyewe ulizaa matunda.

Kriketi na mlango uliofungwa

Kriketi ina historia ndefu pwani hii kuliko wengi wanavyodhani. Karne ya kumi na tisa, wanafunzi wa shule ya wamisionari ya Kiungani, Unguja, walikuwa wakiicheza pamoja na kandanda. Wakati wa ukoloni ikashika mizizi Dar es Salaam, Wazungu wakiwa na klabu yao ya Gymkhana, na jumuiya za Waasia, kama Waismailia, Mabohora, Wahindu na Wagoa, zikiwa na timu zao.

Ndani ya jumuiya hizo kujitolea hakukukosekana. Vilabu viliendeshwa na wanachama: katibu, mweka hazina, mtunza vifaa, mwamuzi. Kutokana na mizizi hiyo wachezaji wa Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia waliunda timu moja ya Afrika Mashariki iliyocheza Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, Uingereza, mwaka 1975.

Kasoro ilikuwa moja, nayo ni kubwa. Kila klabu ilitafuta watu wake ndani ya ukuta wa jumuiya yake. Mwaka 1971 majumba mengi yalipotaifishwa, na familia nyingi za Kiasia zikahama nchi katika miaka hiyo, hazikuondoka na wachezaji peke yao. Walihama pia makatibu, waamuzi na watunza viwanja. Nje ya ukuta walikuwapo maelfu ya Watanzania ambao wangeweza kuzishika kazi hizo, lakini hawakuwahi kuombwa.

Tunaomba msomaji alitazame neno hilo, kuombwa. Mara nyingi tunasema vijana wa siku hizi hawajitolei. Je, nani amewafuata kwa jina na kuwaambia kazi gani, kwa muda gani, na nani atawaonyesha?

Mlango ulipofunguliwa, matokeo yalionekana. Tanzania ilipata uanachama wake yenyewe katika Baraza la Kriketi la Kimataifa mwaka 2001. Mchezo ukapelekwa kwa watoto wa shule za kawaida. Mwaka 2008 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya Ligi ya Dunia, Daraja la Nne, ambayo Afghanistan ilishinda ikiwa njiani kuelekea juu. Timu yetu ya taifa ya wanawake, wengi wao mabinti waliofundishwa mchezo huu shuleni, ilitwaa ubingwa wa mashindano ya Kwibuka mjini Kigali mwaka 2019 na tena 2022. Vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri wao, la mwaka 2026 nchini Zimbabwe na Namibia. Kwa kila jina lililotangazwa redioni yupo mtu aliyejitolea kumfundisha mtoto huyo kushika kibao kwa mara ya kwanza.

Saa 51 za Kigali

Kisa kinachotufaa zaidi kinatoka kwa majirani zetu wa Rwanda. Huko kriketi ilikuwa karibu haipo. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ilikuja na vijana waliorejea kutoka uhamishoni, hasa nchi zilizozoea mchezo huu kama Uganda na Kenya. Walianza wachache, na mwaka 1999 wakaunda chama chao. Kwa miaka mingi uwanja wao ulikuwa Kicukiro, kwenye eneo la shule ya ETO, mahali ambapo mwaka 1994 maelfu ya watu waliokimbilia hifadhi waliachwa bila ulinzi na kuuawa.

Walitaka uwanja wao wenyewe, na fedha zilikuwa ngumu. Mei 2016 nahodha wa timu ya taifa, Eric Dusingizimana, alisimama ndani ya wavu wa mazoezi akapiga mipira kwa saa 51, akiwa na mapumziko mafupi tu, ili dunia isikie na kuchangia. Aliingia katika kitabu cha rekodi za Guinness. Oktoba 2017 uwanja wa Gahanga ulifunguliwa. Mwaka 2023 mabinti wa Rwanda wa chini ya miaka 19 waliwafunga Zimbabwe na West Indies katika Kombe la Dunia.

Kisa hicho husimuliwa kama ushujaa wa mtu mmoja, na ushujaa upo. Lakini tufikirie pamoja. Mpigaji hapigi mpira ambao haukurushwa. Ili mmoja apige kwa saa 51, usiku na mchana, lazima wawepo wa kumrushia kwa saa 51. Lazima wawepo wa kuokota mipira, wa kuhesabu muda, wa kumletea maji na chakula, na wa kupanga zamu ili aliyechoka apumzike. Uwanja wa Gahanga ulijengwa na michango mingi, lakini nyuma ya rekodi ile ilikuwepo orodha ya zamu.

Kazi ambazo tayari tunaziweza

Huenda mtu akauliza kwa nini kriketi, nasi ni watu wa kandanda na netiboli. Hatuziachi hizo. Lakini kriketi ina jambo moja zuri kwa kijiji: ina kazi kwa watu wengi ambao kandanda huwaacha pembeni.

Mechi fupi ya kriketi huchukua kama saa tatu. Kila timu hurushiwa ova 20, yaani mafungu 20 ya mipira sita. Hiyo ni mipira 120 kwa upande mmoja na 240 kwa mechi nzima, na kila mpira lazima uandikwe: nani karusha, nani kapiga, mikimbio mingapi. Kazi hiyo inataka mtu mtulivu mwenye mwandiko safi. Mama anayeshika daftari la kikoba bila kukosea shilingi anaweza kuifanya. Mzee aliyepima korosho za watu kwenye chama cha ushirika anaweza kuifanya.

Wanahitajika waamuzi wawili uwanjani. Unahitajika ukanda wa zege wa karibu mita 20 katikati ya kiwanja, wa kutandikwa mkeka maalumu, na mafundi wa kuumwaga tunao. Anahitajika wa kusafirisha vifaa, na vijana wa bodaboda wapo. Hata watoto hawaanzi sifuri, kwani mtoto wa Kerege aliyecheza rede amekwisha kujua kurusha kwa shabaha, kudaka na kukwepa.

Lipo na jambo la ardhi, ambalo kila mmoja wetu analijua. Tangu barabara ya Bagamoyo ilipokuwa nzuri, viwanja vimepanda bei na mji unatusogelea kutoka Bunju na Mapinga. Kiwanja cha michezo kisichotumika huonekana pori, na pori lina wanunuzi. Kiwanja chenye watoto kila Jumamosi, chenye mistari ya chokaa na watu wazima wanaojulikana, kina mashahidi. Watu wa kujitolea ndio hati yetu ya kwanza kabla ya hati ya karatasi.

Tunavyokusudia kuwatunza

Tumeona timu nyingi za mchangani zikianza kwa kishindo cha ligi ya mbuzi na kufa msimu wa pili. Mara nyingi mbuzi si tatizo. Mtu mmoja alibeba kila kitu, akachoka, na hakukuwa na wa kumpokea. Kutokana na historia hii tumeweka taratibu sita.

Kwanza, kila anayeombwa ataombwa kwa jina, kwa kazi moja iliyoelezwa, na kwa msimu mmoja. Msimu ukiisha ana ruhusa ya kupumzika kwa heshima, na hatasemwa.

Pili, kila kazi itakuwa na watu wawili, mmoja mzoefu na mmoja anayejifunza. Akiuguliwa mmoja, mazoezi hayafungwi.

Tatu, hakuna atakayetoa nauli mfukoni mwake ili awatumikie watoto wetu. Nauli na chakula cha siku ya mazoezi vitatoka kwenye mfuko, vitaandikwa, na daftari litasomwa mbele ya mkutano mkuu. Mshahara hautakuwepo.

Nne, atakayefundisha, atakayeamua na atakayeandika alama watapata mafunzo kabla ya kuanza. Kumpa mtu kazi asiyoijua kisha kumlaumu si kumheshimu.

Tano, usalama wa watoto. Kila mtu mzima atakayekuwa karibu na watoto ataleta utambulisho wa serikali ya kijiji na wadhamini wawili, na hakuna atakayebaki na mtoto peke yake faraghani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatutaka sote tumlinde mtoto, na mtu mwema hachukizwi na utaratibu huu.

Sita, shukrani. Siku ya mkutano mkuu majina ya waliojitolea yatasomwa kabla ya majina ya wachangiaji wa fedha. Tunawaomba wachangiaji wetu watuwie radhi kwa mpangilio huo.

Ombi letu

Hilo ndilo jibu letu kwa swali la bajeti. Mpira ukipotea tutanunua mwingine. Vibao vikivunjika fundi seremala atatusaidia kwa muda. Lakini mtu mwema aliyevunjika moyo hapatikani dukani, na huondoka na wenzake watatu. Kwa hiyo fedha za kuwatunza watu zimekuja kwanza, na za vifaa zimefuata.

Mnaoishi mbali tunawaomba fedha kadiri ya uwezo, na aliye na saruji, nondo au chokaa alete. Mlioko nyumbani tunawaomba kitu kigumu zaidi kuliko fedha: Jumamosi mbili kwa mwezi. Fomu ya mchango iliyo mwishoni mwa kijitabu ina sehemu mbili, ya kiasi cha fedha na ya kazi unayoweza kuishika. Tafadhali usiiache ya pili wazi kwa kudhani kwamba huna ujuzi. Kama unajua kuandika, kumwaga zege, kupika chai, kuendesha pikipiki au kunyamazisha watoto thelathini kwa neno moja, tunakuhitaji.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wazee wa ngoma walilijua hilo, walimu wa kisomo walilijua, na vijana wa Kigali wamelionyesha mbele ya macho yetu. Karibuni kwenye harambee, na karibuni kiwanjani.